Bloa Kubwa, Trekta Dogo

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nawaheshimu wahenga, na mengi waliyasema kweli, lakini hili walilisema kabla ya kuona trekta. Mimi nimekula mkate wangu zaidi ya miaka ishirini kwa kuchagua jembe. Na jembe lenyewe, vijana wangu, lilikuwa la theluji, hapa hapa Dubai.

Najua mnacheka. Jumapili baada ya ibada mnapokaa na mimi mkaniuliza, "Mzee Mwangi, ulikuwa unafanya kazi gani kabla ya kustaafu?" nami nikawajibu kwamba nilikuwa fundi wa mashine za theluji, huwa mnatazamana. Nje jua linachoma mpaka gundi ya viatu inaachia, na mzee anawapigia habari za theluji. Lakini ni kweli. Lipo jumba limefungwa kila upande, baridi yake inatengenezwa kwa mitambo, theluji inapulizwa kutoka darini, na watoto wanaingia wamevaa makoti ya kuazima kuja kucheza. Mimi natoka Kinangop, nyanda za baridi za Kenya, umande wa kuganda naujua tangu utotoni, lakini theluji ya kukanyaga kwa mguu nimeiona mara ya kwanza Dubai.

Basi theluji ile haijiondoi yenyewe. Ikishakanyagwa kutwa nzima inakuwa ngumu na chafu. Kila asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili, sisi tulikuwa tunaikwangua na kuirusha kwenye shimo la kuyeyushia, halafu mpya inatandazwa kabla ya milango kufunguliwa saa nne. Mlima wa kuteleza ulikuwa na mashine yake kubwa na watu wake, ambao walikuwa wanatuangalia kwa dharau. Sisi tulikuwa wa uwanja wa watoto na vijia vyake. Tulikuwa na trekta dogo, na puani mwake mashine ya kurusha theluji ambayo wote tuliiita bloa. Bloa ina parafujo kubwa mbele inayokusanya theluji, na nyuma ya parafujo kuna feni ya chuma inayoipokea na kuirusha juu kupitia bomba. Mafeni ya ukutani yalikuwa yanawashwa kutoa moshi wa trekta, na tulivaa kofia za sufu mpaka masikioni wakati nje watu wanatafuta kivuli.

Nasema bila aibu kwamba katika miaka yangu ya mwisho pale, hakuna kifaa kilichofungwa kwenye trekta lile bila sahihi yangu. Mainjinia wenye vyeti vya kujaza ukuta walikuwa wananingoja mimi, mtu wa darasa la nane, niseme ndiyo au hapana. Heshima hiyo sikuzaliwa nayo. Niliipata baada ya kukosea vibaya, na kosa lenyewe nusura limrudishe kwao mtu asiye na hatia, dereva wetu Wasswa. Nitawasimulia yote, hata yale yanayonichoma mpaka leo. Lakini kwanza niwape ujuzi kidogo, msije mkasema mzee alitupigia soga tu.

Kitu cha kwanza ni upana. Chukua futi, nenda nyuma ya trekta, pima kutoka ukingo wa nje wa tairi la kushoto mpaka ukingo wa nje wa tairi la kulia. Bloa inatakiwa ifunike njia ya matairi na izidi inchi moja hivi kila upande. Ikiwa nyembamba kuliko hapo, tairi litapanda juu ya theluji ambayo haijaondolewa na trekta litaenda likichechemea. Ikiwa pana sana, unasukuma mzigo ambao hukutumwa. Trekta letu lilikuwa na inchi arobaini na nane. Kwa hiyo bloa yetu ilitakiwa iwe ya inchi hamsini. Mimi niliagiza ya inchi sitini na nne. Futi ilikuwa mfukoni mwangu siku hiyo, na haikutoka mfukoni.

Kitu cha pili ni uzito. Bloa ni chuma kitupu, nayo inaning'inia mbele. Ukiinyanyua, matairi ya nyuma yanakuwa mepesi na yanateleza, kwa hiyo lazima nyuma uweke mzigo wa kusawazisha. Mwaka wangu wa kwanza nilijiuliza, Dubai ni kitu gani kingi na cha bure? Mchanga. Nikajaza magunia manne, nikayafunga nyuma ya trekta kwa kamba, nikajipongeza kwa akili nyingi. Gunia moja likachanika kwenye kona. Trekta likazunguka uwanja mzima likichora mstari wa kahawia juu ya theluji nyeupe, na hakuna aliyeona mpaka milango ilipofunguliwa na mama mmoja akauliza kama ngamia nao huwa wanaingizwa humu ndani. Mchanga ule niliuokota kwa mikono, mbele ya watoto walionizunguka wakidhani ni mchezo mpya. Tangu siku hiyo nilitumia pipa lililomiminwa zege, na nawashauri mfanye vivyo hivyo.

Kitu cha tatu ni nguvu, na hapo ndipo nilipoumbuka.

Bloa yetu ya zamani ilikufa kwa uzee. Mkuu wetu alikuwa sir Anand, injinia wa maneno machache, mtu aliyekuwa akinywa chai yake amesimama kila siku. Akanipa katalogi akasema, "Mwangi, you know this work. Chagua." Sikuwa nimewahi kuambiwa hivyo na mkubwa yeyote, kwetu wala huku. Nikaibeba katalogi ile mpaka Karama, kwenye chumba tulichokuwa tunaishi watu sita, nikaikalisha kitandani na wenzangu wakanizunguka kana kwamba nachagua gari la harusi.

"Buda, chukua hiyo kubwa," mmoja akaniambia. "Hiyo ndio machine. Hiyo ingine ni ya kufagia jikoni."

Katalogi ilisema bloa ya inchi hamsini inataka nguvu za farasi kumi na tano hadi ishirini na tano. Ile ya inchi sitini na nne inataka ishirini na mbili hadi thelathini na tano. Kwenye boneti ya trekta letu palikuwa pamebandikwa namba kubwa nyekundu: 25. Nikaona namba yangu inaingia kote kuwili. Na mtu akishaona anaweza kubeba kubwa, ndogo ataichukua ya nini? Kwetu kwenye mashamba ya viazi, mwenye plau pana ndiye anayesalimiwa kwanza. Nilijiona nimefika.

Fomu ya maombi ilikuwa inapelekwa stoo kwa Bi Zuwena. Bi Zuwena alikuwa mama wa makamo, familia yake ilitoka Unguja zamani sana ikakaa Rashidiya, na Kiswahili chake kilikuwa kinatufanya sisi wa bara tujipange kabla ya kufungua mdomo. Hakuna boliti iliyotoka stoo ile bila kuulizwa inakwenda wapi. Akaisoma fomu yangu, akaniangalia juu ya miwani.

"Umepima, mwanangu?"

"Nimepima, Bi Zuwena."

"Umepima mwenyewe, kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Nilimdanganya mtu mzima mchana kweupe, na sikujisikia vibaya hata kidogo. Hivyo ndivyo majivuno yanavyofanya.

Bloa ikaja. Ilikuwa nyekundu, inang'aa, pana kama mlango, na wafanyakazi wa mlima walishuka kuja kuiangalia. Nilisimama pembeni yake nikapigwa picha, na picha ile nikaituma nyumbani. Aliyetakiwa kuiendesha ni Wasswa, Mganda wa Masaka, mtu mpole mwenye mikono mizuri kwenye usukani kuliko dereva yeyote niliyefanya naye kazi. Alikuwa anamsomesha dada yake unesi, na dada alikuwa amefika mwaka wa mwisho. Wasswa alikuwa anautaja mwaka ule kila siku, tukila, tukivaa mabuti, wakati wowote.

Siku ya kwanza bloa ilirusha theluji hatua mbili mbele ya trekta, kisha ikaacha kurusha. Theluji ikajaa kwenye bomba ikaganda. Wasswa akazima injini, akachukua mti akaitoa. Sikilizeni vizuri hapa: alizima injini na akatumia mti. Ukiona mtu anaingiza mkono kwenye bomba la bloa, hata kama feni imesimama, mpigie kelele. Feni iliyokwama inakuwa imebana nguvu, na ukiiachia inazunguka mara moja, na mara moja inatosha kuchukua vidole.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu pini ikakatika. Kwenye parafujo ya bloa kuna pini laini iliyowekwa makusudi ikatike mzigo unapozidi, ili giaboksi ipone. Pini moja kwa mwezi ni kawaida. Sisi tulianza kukata mbili kwa siku. Injini ilikuwa inakohoa kila ilipoingia kwenye theluji iliyokanyagwa, klachi ikawa inanuka kuungua, na kila Wasswa alipoinyanyua bloa, matairi ya nyuma yalikuwa yanacheza hata na pipa la zege likiwa limefungwa.

"Mzee, banange," aliniambia, "hii machine inakula kuliko tumbo lake."

"Punguza mwendo," nikamjibu.

"Mzee, nikipunguza tena nitakuwa nimesimama."

Wiki ya pili trekta likateleza kwenye kona na bloa ikang'oa sikio la dubu mkubwa wa plastiki ambaye watoto walikuwa wanapigia picha. Hakuna aliyeumia, milango ilikuwa bado imefungwa. Lakini uwanja ulifunguliwa kwa kuchelewa siku hiyo, na dubu akapokea wageni na sikio moja.

Sir Anand akaniita ofisini. Alikuwa ameshika sikio la dubu mkononi. Akaniuliza swali moja tu: "Mwangi, tell me straight. Ni machine au ni dereva?"

Vijana, nilijua. Sikuwa nimepima, lakini mikono yangu ilishikilia matrekta tangu ujana, na masikio yangu yalikuwa yanasikia injini inalia. Nilijua bloa ile ni kubwa kuliko trekta. Nikaona picha niliyotuma nyumbani. Nikaona wale wa mlima wakicheka. Nikasema:

"Machine iko sawa, sir. Labda Wasswa anakanyaga mafuta sana."

Akaliweka lile sikio mezani. "One more time," akasema, "halafu khalas. Visa yake nai-cancel."

Nikatoka pale nikiwa nimeokoka.

Asubuhi iliyofuata Wasswa alinisalimia kama kawaida. "Mzee, umeamkaje?" Nikamjibu nimeamka vizuri. Akaniambia dada yake ameanza mafunzo ya wodini, na kwamba amevaa sare nyeupe kwa mara ya kwanza, na akanionyesha picha. Nikaiangalia picha ile nikamrudishia simu haraka. Siku hizo nilikuwa namfuata nyuma ya trekta kwa miguu, koleo mkononi, nikitoboa theluji ngumu mbele ya bloa ili isikwame, ili pini isikatike, ili kisitokee kitu. Watu walisema Mwangi anajituma. Nilikuwa nafanya kazi ya koleo kuficha kosa la kalamu.

Siku moja nilifika mbali zaidi. Pini ilikuwa imekatika tena, nami nikachukua boliti ngumu, ile ya chuma cha kukaza, nikataka kuiingiza mahali pa pini. Boliti ile isingekatika. Ingetulia pale kimya, na siku ya kukwama ingevunja giaboksi nzima, na Wasswa ndiye angekuwa kwenye kiti. Niliishika mkononi kwa muda, kisha nikairudisha kwenye sanduku. Katika siku zile, hilo ndilo jambo pekee la maana nililofanya.

Siku ya nane tangu siku ya dubu nikaenda stoo kuomba pini. Bi Zuwena hakuniinukia.

"Boksi zima limekwisha, mwanangu. Boksi la mwaka. Hizo pini waenda kuzikaanga?"

"Theluji imekuwa ngumu, Bi Zuwena."

"Theluji ni ileile, inatoka dari ileile. Keti." Nikaketi. "Hiyo bloa uliipima?"

Nikaangalia rafu za boliti. Akavua miwani.

"Mficha uchi hazai, Mwangi. Mie si sir Anand, mie ni mamako hapa. Uliipima?"

"Sikuipima."

"Na nguvu ya trekta uliitoa wapi?"

"Kwenye boneti."

"Kwenye boneti!" Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Hebu ngoja." Akafungua kabati, akatoa kitabu cha trekta, bado kiko ndani ya nailoni yake, hakijawahi kufunguliwa tangu trekta lishuke melini. Akanisukumia.

Nilikipekua ukurasa baada ya ukurasa mpaka nikaifikia nguvu ya trekta. Injini: nguvu za farasi ishirini na tano. Chini yake, kwa herufi ndogo: kwenye shafti ya kuendeshea vifaa, kumi na nane. Mnaona? Namba ya boneti ni ya injini. Njiani nguvu inaliwa na gia, na pampu ya mafuta, na trekta lenyewe linapotaka kutembea. Bloa haili kutoka kwenye boneti, inakula kutoka kwenye shafti. Bloa niliyoichagua ilikuwa inataka ishirini na mbili kwa uchache, na trekta lilikuwa linaipa kumi na nane. Mashine mpya kabisa ilikuwa inakufa kwa njaa, na mimi nilikuwa nimesema dereva ndiye mlafi.

"Na theluji yenyewe umeipima uzito?" akauliza Bi Zuwena.

"Theluji inapimwa uzito?"

"Mabegi ya kwenu mwayapima mpaka gramu kila mkienda likizo, hata sabuni mwaitoa na kuirudisha. Theluji inayokulisha huijui kilo zake. Huna haya weye."

Kila mmoja wenu anayo ile mizani ndogo ya mkono, yenye ndoana, ya kupimia begi kabla ya uwanja wa ndege. Mimi yangu niliinunua soko la Naif, ilikuwa inaning'inia nyuma ya mlango wetu Karama na chumba kizima kilikuwa kinaiazima. Asubuhi ya siku ya tisa nikaitia mfukoni mwa koti, nikachukua ndoo tupu ya rangi, nikaingia uwanjani kabla ya wenzangu. Ndoo ya theluji mpya, iliyotoka kupulizwa: kilo saba. Ndoo ileile ya theluji iliyokanyagwa katikati ya uwanja: kilo kumi na moja. Ndoo ya pale karibu na mlango, ambapo joto la nje linaingia na theluji inakuwa rojorojo: kilo kumi na tano. Katalogi ilikuwa inahesabu theluji kavu inayodondoka toka mawinguni. Yetu haikuwahi kuona wingu.

Kwa hiyo kama unachagua bloa kwa ajili ya theluji ya ndani ya jumba, usisimame kwenye ukingo wa mwisho wa kiwango chake. Trekta lako likiwa na kumi na nane kwenye shafti, tafuta bloa inayoanzia kumi na tano au chini zaidi, ili ubaki na akiba ya kula zile kilo za mlangoni. Na uhakikishe trekta lina mwendo wa polepole kweli kweli, ule wa kutambaa, ili bloa ipate muda wa kutafuna. Mambo haya sasa hivi nayasema kwa raha. Siku ile yalikuwa ushahidi dhidi yangu.

Nikaenda moja kwa moja ofisini, ndoo mkononi na kitabu kwapani. Sir Anand alikuwa amesimama na chai yake.

"Sir, nimekuja kusema kitu."

"Kimevunjika tena?"

"Hapana, sir. Bloa ni kubwa kuliko trekta. Mimi ndiye niliyeichagua na sikupima. Nilikwambia ni Wasswa. Haikuwa Wasswa. Ni mimi."

Akaweka kikombe chini. Nikafungua kitabu, nikamwonyesha kumi na nane. Nikatundika ndoo kwenye mizani, nikamwonyesha kumi na tano. Akaishika ile mizani akaigeuzageuza, nadhani alikuwa hajawahi kuona chombo cha kupimia begi kikifanya kazi ya injinia.

"Kwa nini uliniambia ni dereva?"

"Niliogopa, sir. Na niliona aibu."

Akanirudishia mizani. Kisha akasema, "Aliyeuza anayo ya inchi hamsini. Nitaomba iletwe kwa majaribio, asubuhi moja. Ikishindwa, hataenda Wasswa peke yake. Mtaenda wawili. Yalla."

Wasswa aliambiwa tu kwamba kuna mashine ya kujaribu. Hakuniuliza kitu. Siku tatu baadaye bloa ile ikaja, ya kawaida, rangi imepauka kidogo, imekaa dukani muda mrefu. Wale wa mlima hawakushuka kuiangalia. Safari hii nililala chini ya trekta na futi, nikapima tairi kwa tairi mara tatu, nikafunga, nikasawazisha pipa la zege, nikaangalia parafujo inaelea juu ya sakafu kiasi cha unene wa kidole. Sir Anand akaja na kikombe chake akasimama pembeni ya dubu mwenye sikio moja.

Wasswa akawasha. Akaingia katikati ya uwanja kwenye theluji ya kilo kumi na moja, taratibu, gia ya kutambaa. Injini ikazama kidogo, nikafumba macho. Ikapanda tena. Nilipofumbua, theluji ilikuwa inatoka kwenye bomba, ndefu, safi, inapita juu ya kichwa cha sir Anand na kuangukia shimoni kama imetumwa. Akaenda mpaka mlangoni, kwenye lile rojo, mahali ambapo pini zilikuwa zinafia. Ikalia, ikameza, ikarusha. Hakuna pini iliyokatika. Saa tatu kasorobo uwanja mzima ulikuwa mweupe, na Wasswa alikuwa anafuta kioo cha trekta.

Nililia, vijana. Nilijifanya naangalia pipa la zege, nikalia. Nimesomesha watoto, nimejenga nyumba Kinangop, nimezawadiwa saa na kampuni, lakini sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia theluji ile ikiruka kutoka kwenye mashine ndogo.

Mchana sir Anand akanipa barua mbili. Moja ilikuwa ya onyo, yenye jina langu, kwa kutoa taarifa ya uongo juu ya mfanyakazi mwenzangu. Nyingine ilisema kwamba kuanzia siku hiyo kifaa chochote cha trekta kitapimwa na kutiwa sahihi na Mwangi kabla ya kununuliwa. Nikamuuliza kama amekosea bahasha. Akasema hakukosea. Zote mbili ninazo mpaka leo hapa kwa binti yangu Rashidiya, na anayekuja nyumbani namsomea zote mbili, siruki ya onyo.

Jioni ile tulikaa na Wasswa kwenye benchi la kungojea basi la kampuni. Kule ofisini nilikuwa nimesema. Kwake yeye nilikuwa bado, na huko ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Nikavua kofia.

"Wasswa, kuna neno nilimwambia sir juu yako. Siku ya dubu."

"Usihangaike, mzee. Nililisikia."

"Ulilisikia wapi?"

"Nilikuwa mlangoni. Nilikuwa nimeleta ile pini iliyovunjika, nimwonyeshe sir. Nikasikia, nikarudi nayo."

Nilikumbuka zile asubuhi zote, umeamkaje mzee, na picha ya dada yake ndani ya sare. Nikamuuliza kwa nini hakusema kitu, kwa nini hakunitukana, kwa nini alikuwa ananisalimia.

"Nilikuwa nataka nione utakaa nalo siku ngapi," akasema. "Ni ngapi ulikaa?"

Nikahesabu kwa vidole, ingawa nilizijua. "Tisa, mpaka nilipomwambia sir."

Wasswa akaangalia barabara, basi lilikuwa linakuja. Akanyanyuka, akaokota begi langu pamoja na lake.

"Mimi nilikuwa nimekupa kumi," akasema.